Nani Alinde Ngoma ya Vijana?

Taifa hupimwa kwa mambo mengi. Wako wanaolipima kwa mazao yake, wako wanaolipima kwa majengo yake, na wako wanaolipima kwa nyimbo na ngoma zake. Katika makala haya nataka tulipime kwa jambo ambalo aghalabu halitajwi, nalo ni namna linavyowaangalia vijana wake wakati wa furaha. Kijana akiwa darasani, mwalimu yupo. Akiwa shambani au karakana, mkubwa wake wa kazi yupo. Akiugua, mganga yupo. Lakini akiwa ngomani usiku, amevaa nguo yake nzuri, moyo wake umechangamka na wenzake wamemzunguka, nani yupo?

Neno ngoma nalitumia hapa kwa maana yake pana: arusi, sherehe ya kumaliza shule, disko la sikukuu, mkesha wa mtaani, na kila mkusanyiko ambamo vijana huonana, huimba, hucheza na kutazamana. Kwamba vijana hupenda mambo haya, hapana haja ya kubishana. Ujana una haki yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unatambua katika kifungu chake cha 31 haki ya mtoto ya kupumzika, kucheza na kushiriki katika maisha ya utamaduni. Wazee wetu hawakuungoja mkataba huo ili wawapigie watoto wao ngoma. Walijua kwamba kiungo kisichochezeshwa hukakamaa, na roho kadhalika.

Tena inafaa tukumbuke kwamba Mwalimu Julius Nyerere, alipotangaza wizara mpya katika hotuba yake ya Desemba 1962 ya kuanza kazi ya urais, aliipa jina la Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Mambo mawili yaliwekwa chini ya paa moja. Mara nyingi tumelisoma jina lile kana kwamba maana yake ni kuwafundisha vijana ngoma za asili. Nadhani lina maana nyingine pia, yaani kwamba utamaduni wowote unaojali urithi wake hauna budi kujali usalama wa warithi.

Basi swali la makala haya ni la maadili. Je, kijana aliyezuiwa ndiye aliyelindwa?

Miaka mingi iliyopita, jirani yetu mmoja, mtu wa kazi na wa sala, alimruhusu binti yake kwenda kwenye sherehe ya kumaliza kidato cha nne. Alimruhusu kwa shingo upande, na akamwekea sharti: “Saa mbili usiku mlango huu unafungwa. Ukichelewa usirudi kwangu, tafuta pa kulala.” Wazazi wengi wamesema maneno kama haya, na wengi wao hawakuyakusudia. Ni maneno ya kutia hofu tu. Usiku ule gari lililowachukua wanafunzi lilichelewa kuwarudisha. Binti alifika karibu na nyumbani saa nne. Akaona taa imezimwa. Akageuka.

Alfajiri alikutwa amejikunyata katika kibaraza cha duka karibu na stendi, kiatu kimoja hakipo. Yaliyompata kati ya saa nne na alfajiri hakumwambia mtu, nami sitayabuni. Ninachokumbuka ni baba yake, aliyekaa uani siku nzima bila kula, na watu walipomwuliza ilikuwaje, alijibu neno moja tu: “Alinitii.”

Jibu lile limenifuata tangu siku hiyo. Kila mmoja wetu anayelea hutaka kutiiwa. Lakini yule binti alitii, na utii wake ndio uliomwacha njiani. Baba alikuwa amefunga mlango akidhani anailinda heshima ya nyumba. Kumbe mtoto, ambaye ndiye heshima yenyewe, alikuwa upande wa pili wa mlango.

Hapo ndipo inapotupasa kutofautisha vitendo viwili ambavyo lugha yetu imevipa majina mawili, nasi twavichanganya: kuzuia na kulinda. Anayezuia husimama kati ya kijana na mahali. Anayelinda husimama karibu na kijana, popote atakapokuwa. Kuzuia kuna mahali pake. Mtoto wa miaka 12 haendi kwenye baa, na hapo hapana mjadala. Lakini kuzuia huisha nguvu pale kijana anapopata njia ya kupita, naye lazima ataipata. Kulinda huanza pale kuzuia kunapokoma.

Taifa letu lina historia yake katika jambo hili, na ni vema kuisoma kwa moyo mweupe. Mnamo Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, kampeni ya kupiga marufuku sketi fupi, suruali za kubana, nywele za bandia na dawa za kujichubua, kuanzia Januari 1, 1969. Mwishoni mwa mwaka huo wa 1969 muziki wa soul nao ulipigwa marufuku katika Dar es Salaam. Walioyafanya hayo walikuwa na hoja. Nchi changa ilitaka kujijua na kujiheshimu, na heshima ya vijana ilikuwa sehemu ya heshima hiyo. Lakini angalia yaliyotokea. Hata kabla ya tarehe ya kuanza kufika, makundi ya vijana wa kiume yaliwashambulia wanawake katika mitaa ya Kariakoo kwa sababu ya mavazi yao. Jambo lililosemwa kuwa ni la kulinda heshima ya wasichana likawa, mikononi mwa baadhi ya watu, kisingizio cha kuwadhulumu. Tulikuwa tumeitazama nguo, na tukasahau kuutazama mkono unaoichana.

Sasa tuitazame ngoma ya zamani, maana humo mna elimu. Katika vijiji vingi ngoma ilichezwa uwanjani, mbele ya nyumba za watu. Kila aliyekuja alijulikana ni mtoto wa nani na ametoka upande gani. Manju alikuwa na mamlaka. Akiona ngoma imeanza kuchafuka, aliinyamazisha. Wazee walikaa barazani, hawachezi, lakini wapo. Wengine wakisinzia, wengine wakizungumza mambo yao. Katika mwambao, msichana aliyekwisha kuwa mwari alikuwa na somo au kungwi wake, mwanamke mzima ambaye angeweza kumwuliza mambo asiyoweza kumwuliza mama yake. Usukumani, vyama vya wachezaji vya Bagika na Bagalu vilishindana mbele ya umati wa watu wa rika zote, bibi na mjukuu katika uwanja mmoja. Ulinzi haukuwa askari mlangoni. Ulikuwa macho mengi yaliyozoeana.

Nisidhaniwe kwamba naisifu zamani pasipo kipimo. Katika ngoma zile kulikuwako pia ulevi, ugomvi wa makundi, na wasichana waliotolewa unyagoni kwenda moja kwa moja katika ndoa wasizozichagua, wakiwa bado watoto. Macho mengi huweza kuona na kunyamaza. Kwa hiyo hatuichukui zamani yote. Twachukua kanuni moja iliyokuwa njema ndani yake, nayo ni kwamba furaha ya vijana ilikuwa na wakubwa karibu, na wakubwa wale walikuwa na wajibu unaojulikana.

Mji uliivunja kanuni hiyo. Mjini ngoma iliingia ndani ya kuta, ikawekewa kiingilio, na mwenyeji wake akawa mfanyabiashara. Huyu hamjui mtoto wa nani ameingia; anaijua hesabu ya tiketi. Mfano mchungu kuliko yote ni ule wa Tabora. Siku ya Idi el-Fitr, Oktoba 2008, watoto walijazwa katika ukumbi mmoja wa disko kupita kiasi. Hewa ikawa haba, watoto wakasongamana, na wapatao 20 wakafa. Walikuwa wamekuja kusherehekea sikukuu. Hawakuwa wamefanya kosa lolote, na wengi wao walikuwa wametoka nyumbani kwa ruhusa.

Baada ya msiba huo, na mara kadhaa katika miaka iliyofuata, mamlaka zilitangaza marufuku ya yale yaliyoitwa disko toto. Marufuku hiyo yaeleweka. Lakini nauliza: kilichowaua watoto wale ni muziki? Ni kucheza? Waliuawa na mlango mmoja mno, na tiketi nyingi mno, na wakubwa wachache mno wenye akili ya kusema “pamejaa, sasa basi.” Tukiyafunga madisko yote bila kulitamka hilo, tutakuwa tumeadhibu furaha, na uzembe tutakuwa tumeuachia huru uende ukakodi ukumbi mwingine.

Kadhalika katika suala la pombe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18, na inakataza kumwuzia pombe na sigara. Machi 2017 Serikali ilipiga marufuku pombe kali ya vifuko vya plastiki, maarufu kwa jina la viroba, ambayo kwa udogo wake na urahisi wa bei yake ilikuwa imeingia hata katika mifuko ya wanafunzi. Hatua hizi ni njema. Lakini sheria haikai mezani na kuangalia bilauri. Kijana ndiye anayepaswa kujua, kabla hajatoka nyumbani, kwamba kinywaji alichokiacha akaenda kucheza si chake tena; kwamba soda aliyofunguliwa na mtu asiyemjua ni bora aiache; kwamba mwenzake aliyelewa hadi hajitambui asiachwe chumbani “apumzike,” maana mlevi aliyelala chali huweza kupaliwa na matapishi yake akafa. Alazwe kwa ubavu, mtu akae naye, na akiwa haamki au pumzi zake zinakwenda kwa shida, apelekwe hospitali usiku uleule, aibu ije baadaye. Wangapi kati yetu tumewaambia watoto wetu maneno haya? Tumewaambia “usinywe,” tukanawa mikono. Lakini hata mtoto asiyekunywa anaweza kuwa ndiye pekee ukumbini mwenye fahamu za kuokoa roho ya mwenzake.

Najua ndugu msomaji anaweza kupinga hapa. Atasema: ukimfundisha kijana namna ya kumhudumia mlevi, umekwisha kumruhusu kulewa. Hoja hii ina uzito, na sitaki kuipuuza. Lakini tujiulize: tukimfundisha mtoto wa pwani kuogelea, tumemruhusu azame? Mchelea mwana kulia hulia yeye, wahenga walisema. Na siku hizi nadhani mzazi anayechelea kumtajia mwanawe hatari ndiye wa kwanza katika kilio hicho.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mtu atasema: umesifu macho ya wakubwa, lakini nani aliye hatari kwa vijana kama si baadhi ya hao hao wakubwa? Anayemnunulia pombe msichana wa shule ni mtu mzima. Anayesema “panda gari langu, nitakufikisha” ni mtu mzima. Ni kweli, na kweli hii inauma. Ndiyo maana ulinzi ninaousema hauwezi kuwa wa mtu mmoja, wala wa mwanamume peke yake, wala wa mtu anayejipa kazi hiyo mwenyewe. Mkono mmoja haulei mwana. Panapofanywa sherehe ya vijana, wawepo akina mama na akina baba wanaojulikana kwa majina na wazazi wote, watatu au wanne, wanaoangaliana wao kwa wao kama wanavyowaangalia vijana. Mtu mzima anayetafuta nafasi ya kuwa peke yake na mtoto wa mwenziwe, hata akiwa na cheo, amekwisha kujieleza.

Liko jambo jingine ambalo desturi yetu yapasa ilikiri. Kwa muda mrefu ulinzi wa ujana tumeutwisha wasichana peke yao. Binti huulizwa amevaa nini, amekwenda na nani, amerudi saa ngapi. Kaka yake hutoka na kuingia kama upepo. Matokeo yake ni maovu mawili. Kwanza, mvulana mwenyewe hubaki bila mlinzi, na hali yeye ndiye anayepanda pikipiki na dereva aliyelewa, na ndiye anayechomwa kisu katika ugomvi usio na maana. Pili, mvulana hukua akidhani kwamba mipaka ya msichana ni kazi ya msichana. Tumezoea kusema kwamba kunyamaza ni kukubali. Msemo huo huenda ulifaa mbele ya wazee, pale mwari alipoulizwa habari ya posa naye akaona haya kujibu. Katika kona ya giza ya ukumbi ni msemo wa hatari. Kunyamaza huweza kuwa woga. Huweza kuwa ulevi. Mwana wetu wa kiume afundishwe kwamba asiyesema ndiyo hajakubali, na kwamba asiyejitambua hawezi kukubali lolote. Na afundishwe na baba yake, kwa sauti ya kawaida, mapema.

Je, kijana mwenyewe hana wajibu? Anao, tena mkubwa. Katika safari za zamani watu waliotoka pamoja walirudi pamoja. Aliyemwacha mwenziwe porini hakuwa na uso wa kuonyesha kijijini. Sheria hiyo ya njia inafaa kabisa kwa ngoma za leo. Walioingia wanne watoke wanne. Mmoja akitaka kuondoka na mtu mgeni, wenziwe wamzuie, hata akiwakasirikia. Hasira hiyo itapoa kesho. Simu iwe na chaji, na nauli ya kurudia iwekwe kando kabla ya kiingilio kulipwa. Haya ni mambo madogo, na mara nyingi maisha ya kijana hutegemea mambo madogo kama haya.

Lakini juu ya yote hayo kuna jambo moja ambalo likikosekana mengine yote hayafai kitu. Kijana lazima awe na hakika ya kwamba anaweza kurudi. Namaanisha hivi: mzazi amwambie mwanawe, kabla hajavuka kizingiti, “Saa yoyote, popote utakapokuwa, ukiwa umenidanganya au hukunidanganya, umekunywa au hukunywa, nipigie, nitakuja. Usiku ule sitakuuliza neno. Tutazungumza asubuhi.” Neno hilo naliita neno la kurudi. Halifuti kosa, asubuhi itafika, na mazungumzo yatakuwako, na pengine adhabu. Linaweka tu mambo katika utaratibu wake: kwanza uhai, kisha hukumu. Kijana anayeiogopa nyumba yake kuliko anavyoiogopa hatari, huyo hana mlinzi duniani, hata kama baba yake ana kufuli kumi.

Wako watakaosema kwamba huo ni ulegevu. Nawajibu kwamba kuamka saa nane za usiku, kuvaa shati, kutafuta gari na kwenda kumchukua mtoto aliyekukosea, kisha kunyamaza njia nzima, ni kazi ngumu kuliko kufunga mlango. Ulegevu ni kulala.

Na wajibu huu si wa nyumba moja tu. Mwenye ukumbi ahesabu watu kama anavyohesabu fedha, na milango yake yote ifunguke kwa ndani. Mwalimu anayeandaa mahafali ahakikishe magari ya kurudi kabla ya kukodi vipaza sauti. Viongozi wa mtaa, badala ya kungoja malalamiko ya kelele, wawe na desturi ya kupita. Vijana nao wapewe viwanja vya kuchezea mchana, karibu na macho ya watu, maana ngoma iliyonyimwa uwanja hutafuta uchochoro.

Jirani yetu yule alikuwa na binti wa pili. Miaka mitatu baadaye naye alikwenda kwenye sherehe yake. Jioni ile taa ya barazani iliwashwa mapema, na baba yake akaketi chini yake na kiti na redio ndogo. Tulipopita kumwamkia alituitikia kwa kifupi. Binti alirudi amechelewa, saa tano kasoro. Hawakusemezana. Alimpisha apite, akaizima redio, akaingia ndani, kisha akaizima taa.

Sidhani kama mtu yule alipata kusoma kitabu chochote juu ya malezi au utamaduni. Lakini nadhani usiku ule alilijibu swali tuliloanza nalo. Wazee wa zamani walikaa barazani wakati ngoma ikilia, na yeye aliirudia kazi yao, peke yake, katika mtaa wa mjini. Kazi iliyobaki ni kuwasha taa nyingine, nyumba kwa nyumba, mpaka mtaa mzima uonekane.